Seva Iliyopelekwa Jomvu Kuu

Kabla ya seva kulikuwa na Meli.

Meli ilikuwa sufuria. Kubwa kiasi kwamba siku ya kuoshwa, muoshaji alivua viatu akaingia ndani, na ukimtaka wamwita kwa jina, wasikia anaitika kama aliye kisimani. Wenyewe walikuwa Mzee Mwinyihaji na mkewe Bi Mwanatabu, wazazi wa Tima, wa Junda, waliokuwa wakikodisha vyombo vya shughuli: masufuria, masinia, majamvi, viti, maturubai. Kisauni ikitaka kuoa ama kuzika, sharti ipitie kwao. Mimi, Ngala, nilikuwa mpangaji wao. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, kimeegemea ukuta wa ghala lao, na diploma yangu ya elektroniki nimeitundika juu ya meza ili mteja akiona redio yake imevunjwa vipande ajue imevunjwa na mtu aliyesoma.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Mwinyihaji alikaa barazani akipokea wanaume: matanga, khitma za kuwasomea Qurani marehemu, maulidi. Mwanatabu alikaa uani akipokea wanawake: harusi, hina, arubaini ya mtoto. Katikati ya baraza na ua ndipo lilipokuwa ghala, lenye mlango huku na mlango huku. Kila mmoja aliweka ahadi zake kichwani mwake, na vichwa vyenyewe vilikuwa viwili.

Basi Jumapili moja ya mwaka wa tisini na sita Meli ikaahidiwa mara mbili. Mwanatabu ameipeleka kwenye harusi hapo hapo Junda, Mwinyihaji ameitolea neno kwa watu wa khitma kutoka Likoni. Watu wa Likoni walipofika wakaikuta iko motoni, imejaa pilau. Mzee wao akasema wao waliahidiwa sufuria, na sufuria ndiyo hii. Kilicho ndani hawana habari nacho. Wakaipandisha kwenye pikapu na pilau lake, likitoa moshi.

Harusi nzima ikafuata wali wake. Walivuka feri, bibi harusi na hina yake, masomo wa kumfunda na manukato yao, na pale kivukoni karani alisimama mbele ya Meli akashindwa kuamua ni mzigo ama ni gari. Walipofika Likoni wakakuta watu wameketi juu ya majamvi na misahafu, na kwa sababu ni aibu kula chakula cha khitma bila kuisoma, wakasoma. Bwana harusi alimaliza juzuu nzima na shada la asumini shingoni. Watu wa Likoni mpaka leo husema hawajapata kuona khitma iliyonoga vile.

Kila mtu alicheka isipokuwa Bi Mwanatabu. Yeye alirudi nyumbani, akasimama kwenye mlango wa uani, akasema kwa sauti ya kusikika barazani:

"Ngala! Mwambie huyo, vyombo vikiahidiwa mara mbili tena, mimi narudi kwetu Jomvu Kuu. Na huku sirudi kwa maneno matupu."

Mwinyihaji naye akajibu, "Ngala, mwambie nimesikia."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho baina yao. Tangu siku hiyo walizungumza kupitia kwangu, hata kuombana chumvi.

Wakati huo huo mpwa wao Sheikhan, aliyekuwa akifanya kazi Jedda, akaandika kuwa amesikia msiba wa Meli na anawaletea dawa. Dawa ikaja kwa sanduku kubwa: seva, na skrini mbili za kale za kijani na kibodi zake. Ofisi yake ilikuwa ikizitupa. Fikira yake ilikuwa nzuri, na mimi naisifu hadi leo. Seva ikae ghalani, skrini moja iende barazani, moja uani. Mwinyihaji akiandika kwake, Mwanatabu aone kwake, na chombo kikishachukuliwa mashine ikatae kukitoa tena. Hawatahitaji hata kusemezana.

Tukaiwasha. Ikavuma kama jiko la mafuta, ikaandika mstari mmoja mweupe, ikanyamaza.

"Yasema nini?" akauliza Mwinyihaji.

"Yasema haina sistimu."

"Yaani?"

"Ofisi iliyoitoa imefuta kila kitu, mzee. Hii ni nyumba iliyoezekwa, haina mtu. Ukipiga hodi hakuna wa kuitika."

"Alaa! Mgeni atoka Jedda hana hata begi?"

Nikapanda mpaka Changamwe kwa mwenzangu tuliyesoma naye, nikarudi na sistimu yenyewe ndani ya boksi la viatu: disketi, rundo zima. Ilikuwa ya ile aina ambayo haina picha wala kipanya cha kusukuma. Waandika amri, wabonyeza, wangoja. Umekosea herufi moja, yakwambia haikujui. Nikaketi ghalani baina ya masinia, mlango wa barazani kuliani kwangu na Mwinyihaji amesimama kizingitini, mlango wa uani kushotoni na Mwanatabu amesimama kizingitini. Kutoka mmoja hadi mwingine ungeweza kurusha tambuu ikafika.

"Mashine yauliza diski yake igawanywe vyumba vingapi," nikasema.

"Mwambie huyo," akasema Mwinyihaji, "matanga yapewe chumba kikubwa. Msiba una watu wengi."

Bi Mwanatabu alikuwa amesikia kila neno. Alingoja, anaangalia dari. Nikageuka kushoto.

"Bi Mwanatabu, yuasema..."

"Enhe? Yuasema nini?" akauliza, kama mtu apokeaye habari kutoka Pemba.

Nikamwambia.

"Mwambie msiba watu huja wakaenda zao. Harusi ni siku saba."

Nikageuka kulia. "Mzee, Bi Mwanatabu yuasema..."

"Ndiyo, yuasemaje?"

Ilichukua asubuhi nzima kuigawa diski ile. Mwisho nikawapa sawa kwa sawa, na kipande kidogo katikati.

"Na hicho cha nani?" wakauliza wote wawili kwa pamoja, kisha kila mmoja akajifanya hakumsikia mwenzake.

"Cha mashine yenyewe. Kichwa chake kikijaa, hutua mambo hapo kwa muda."

"Ngala," akasema Mwinyihaji, "chumba kama hicho hata mimi nakitaka."

Nikaanza kuilisha disketi. Ikimaliza moja yaomba nyingine, ikimaliza hiyo yaomba nyingine. Majirani walikuja kuangalia. Musyoka, dereva wa pikapu yetu ya kubebea vyombo, kijana wa Machakos asiyeweza kunyamaza, alitazama mpaka akachoka.

"Fundi, hii kitu inakula kuliko watu wa harusi. Na haijasema hata asante."

Ikafika mahali sikupatarajia ugomvi, na ugomvi ukawa hapo. Sistimu ile ina mtu mmoja juu ya wote. Wenye kazi humwita *root*. Huyo aweza kujenga, kubomoa, kufuta, kufungia wengine nje, na hakuna wa kumuuliza. Mashine ikataka neno la siri la huyo mtu.

"Huyo ni mimi," akasema Mwinyihaji.

"Ngala, mwambie huyo sufuria Meli ilinunuliwa kwa mkufu wangu."

"Mwambie ghala ni la babangu."

"Mwambie babake alinipenda mimi kuliko yeye."

Hilo lilikuwa kweli. Nikaona tukiendelea hivi mashine itaota kutu haijapata jina. Nikasema: neno liwe moja, nusu mbili. Mzee aandike nusu yake atoke kwa mlango wa barazani, Bi Mwanatabu aingie kwa mlango wa uani aandike nusu yake. Mimi nitauelekea ukuta. Hakuna atakayejua la mwenzake, na hakuna atakayeweza kufanya kitu peke yake.

Wote wakaafiki. Mimi nilijiona nimesuluhisha vita.

Mwinyihaji akaketi, akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu. Akasita.

"Ngala, naandika lakini haioni."

"Yaona, mzee. Neno la siri haiandiki mbele za watu. Yastahi."

"Masha Allah," akasema, na kwa mara ya kwanza akaitazama mashine kwa heshima. Akamaliza, akatoka. Bi Mwanatabu akaingia, akaandika, akabonyeza. Mashine ikataka walirudie, ili kuhakikisha. Mwinyihaji akaingia tena, akatoka. Mwanatabu akaingia tena, akatoka.

Mashine ikasema: hayalingani.

Tukaanza upya. Hayalingani. Tukaanza tena. Mlango huu ukifungwa, huu wafunguliwa, kama saa za ukutani zenye kidege. Barazani Mwinyihaji ameanza kuwaambia watu kwamba yuko mtu anabadilisha nusu yake kwa makusudi, hamtaji. Uani Mwanatabu awaambia wanawake kwamba wako wanaume huisahau hata siku yao ya ndoa, seuze neno. Mimi niko ukutani, nimehesabu nyufa zote. Ndipo nikasikia sauti: krrrrrr. Kila Bi Mwanatabu akiingia, kabla hajaandika: krrrrrr. Nikaomba radhi, nikageuza jicho moja.

Alikuwa ameshika pindo la leso, anaipangusa kibodi nzima, kutoka huku mpaka huku.

"Bi Mwanatabu! Wafanya nini?"

"Napangusa."

"Yaandika hiyo! Kila ukipangusa yaandika herufi zote za duniani, hazionekani tu!"

"Ngala mwanangu, mimi na huyo mtu hatusemezani. Alipoketi nakung'uta, aliposhika napangusa. Wataka niweke vidole vyangu kwenye jasho lake hivi hivi?"

Nikamsihi. Hapana. Nikaomba apanguse kidogo. Hapana, hakuna kupangusa kidogo. Nikaenda kibandani, nikarudi na mifuko miwili ya nailoni ya sokoni Kongowea, wa buluu na wa manjano. Wa buluu wa mzee, wa manjano wake. Kila mmoja akiketi atatandika wake juu ya kibodi, aandike juu yake, auvue aondoke nao. Kidole hakigusi kilipogusa kidole.

Mara ya kwanza tu, yakalingana.

Mwinyihaji alipokwenda kusali alasiri, Bi Mwanatabu akarudi ghalani, amesimama upande kama mtu aliyepita tu.

"Ngala. Na mmoja wetu akifa na nusu yake?"

Nikamwonyesha disketi nyekundu. "Nikiiwasha mashine kwa hii, naingia bila kuulizwa neno lolote. Dakika tano nimelibadilisha."

"Kwa hivyo milango yote hii tuliyofunga na kufungua..."

"Yafunga kwa mtu asiye na disketi."

Akafikiri. "Huyo yuajua?"

"Hajui."

"Basi asijue," akasema, akaenda zake.

Nikawaandikia programu ndogo. Waandika chombo na siku. Kikiwa tayari kina mtu, mashine yajibu. Mwanzo ilijibu "Hapana," Bi Mwanatabu akakataa, nyumba yake haimjibu mtu hivyo. Nikaandika "Tuwie radhi, chombo hiki kishapata mwenyewe." Watu walikuja kukodi vitu ambavyo hawavihitaji ili waombwe radhi na kompyuta. Na kwa majuma kadhaa hakuna sinia lililogongana na sinia.

Nyumba lakini ilikuwa imepoa kama chai ya jana. Mimi nipo ukutani kwao, nasikia. Jioni Mwinyihaji alikuwa akijimiminia kahawa barazani, na mkono wake ulikuwa umezoea vikombe viwili. Humimina viwili, akatazama cha pili, akakirudisha kwenye dele, birika lake la kahawa, taratibu hata tone lisisikike.

Ndipo Alhamisi moja akafa Mzee Khatibu, rafiki yake Mwinyihaji wa kucheza naye bao tangu utoto. Vijana wa Khatibu walikuja barazani macho mekundu, wakasimama. Mwinyihaji akainuka, akafungua ghala, wakabeba Meli wakaenda nayo. Skrini ilikuwa pale pale karibu na bega lake. Hakuandika.

Alasiri wakaja wanawake wa harusi ya Jumamosi. Bi Mwanatabu alikwisha kuangalia skrini yake, Meli haina mtu, ameshawapa na ameshaandika. Wakaja na mkokoteni kutoka sokoni, na hamali wake. Wakafungua mlango wa uani. Meli haipo. Pako duara la vumbi tu ilipokuwa imekaa.

Hakugomba. Hilo ndilo lililonitisha. Alikunja leso zake, akaziweka ndani ya kikapu, akapita mbele ya kibanda changu.

"Mwambie huyo nilisema," akaniambia, akaenda zake Jomvu Kuu kwa dadake, Johari.

Na stima nayo, kama iliyokuwa ikisubiri zamu yake, ikapotea. Ikarudi. Ikapotea. Ikarudi. Nilipokimbilia ghalani seva ilikuwa imeshajiwasha, imeandika maneno mengi ya maumivu: diski yake imeumia kwa kuzimwa ghafla, haiwezi kuinuka mpaka ifanyiwe matengenezo, na matengenezo hayafanywi na yeyote ila yule mmoja aliye juu ya wote. Lete neno la siri.

Ahadi zote zilikuwa humo. Vichwa viwili vilivyokuwa vikizishika zamani vilikuwa vimeshazoea kutoshika. Ijumaa asubuhi baraza ikajaa: wa viti vya maulidi, wa turubai la hina, mama wa harusi ya Jumamosi analia kwamba kama hana Meli basi ajulishwe awaambie wageni wabaki na njaa makwao.

Mwinyihaji akanivuta kando. "Ngala. Hakuna ndia nyingine ya kuingia humo?"

Disketi nyekundu ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Kona yake yanichoma kifua. Dakika tano. Nikakumbuka kile kikombe cha pili kinavyorudishwa kwenye dele.

"Hakuna, mzee. Nusu yako ipo. Nusu ya pili iko Jomvu Kuu."

"Mimi niende kumlilia mtu kwa sababu ya kompyuta?"

"Humwendei mtu, mzee. Ni mashine yapelekwa kwa mwenye nusu yake."

Akafikiri sana. "Ah. Mashine ndiyo yenda."

"Mashine ndiyo yenda."

"Mimi naisindikiza tu."

"Waisindikiza tu."

Baada ya sala ya Ijumaa akatokea na kanzu mpya, kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono, amejifukiza udi mpaka mbu wa Junda wakahama. Mkononi ana kikapu cha halwa.

"Hiyo halwa ni ya kompyuta?" akauliza Musyoka.

"Endesha gari."

"Nauliza tu, mzee, kwa sababu hii yako inakulanga disketi."

Tuliilaza seva nyuma ya pikapu juu ya jamvi, tukaifunika kwa kitambaa cha kijani isiingie vumbi. Mwinyihaji akakaa nyuma pamoja nayo, ameweka mkono juu yake gari lisiitikise. Mimi upande wa pili na skrini mapajani. Kufika Changamwe nikagundua watu barabarani wanasimama. Wanavua kofia. Mmoja akauliza, "Ni nani?" na kabla sijajibu akainua mikono akamuombea. Kwenye kiwanda kimoja pale, wafanyakazi waliokuwa wakitoka kazini wakatembea nyuma yetu hatua kadhaa, kwa adabu, kumsindikiza marehemu.

Mwinyihaji hakuwasahihisha. "Dua haipotei," akanong'ona.

Jomvu Kuu njia ni nyembamba, gari likaachwa mwanzo wa mji. Tukaibeba kwa mikono, sisi watatu na watu wa kujitolea. Walioona kitambaa cha kijani wakasoma Fatiha. Walioona kanzu mpya na kikapu cha halwa wakapiga vigelegele, wakajua ni posa. Tukapita katikati ya mji hivyo, huku wanalia, huku wanashangilia, mpaka mlangoni kwa Johari.

"Hodi!" akaita Mwinyihaji.

"Karibu. Mwaleta maiti ama mwaleta mahari?" akauliza Johari, mkono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Johari," nikasema. "Twaleta seva. Twaomba stima."

Nyumba ilikuwa na soketi moja, na soketi hiyo ilikuwa ya friji ya barafu alizokuwa akiwauzia watoto. Johari akaitoa friji kwa uchungu.

"Zikiyeyuka mtazinywa zote. Musyoka, wewe ndiye mwenye tumbo, utaanza."

"Mimi mama sina shida. Za ukwaju ziko?"

Soketi yenyewe ilikuwa chumbani, na humo ndimo alimokuwa Bi Mwanatabu, ameketi kitandani, amejitanda. Alinitazama mimi, si mumewe.

"Ngala. Kweli hakuna njia nyingine?"

"Hakuna, bi mkubwa."

"Wallahi?"

Nikashikwa na kikohozi. Nikaomba maji. Johari akaniletea glasi, nikanywa yote, nikaomba nyingine. Bi Mwanatabu akanitazama nikinywa, na nikaona pembe ya mdomo wake imetikisika chini ya leso. Hakuuliza tena.

Nikaiwasha. Ikavuma, ikalalamika, ikataka neno. Ndipo tukaona tatizo ambalo sikulifikiria: chumba kilikuwa na mlango mmoja. Hakuna wa kutoka huku mwingine akaingia huku. Mwinyihaji akasimama katikati ya chumba, mfuko wa buluu mkononi, hajui aelekee wapi.

"Andika hapo hapo," nikasema. "Sisi twatazama ukuta."

Akatandika nailoni yake, akaketi. Sikusikia kidole.

"Ngala," akasema Bi Mwanatabu, "mwulize huyo yuangoja nini."

Nikafungua mdomo kumuuliza, Mwinyihaji akawa ameshajibu, hakunisubiri.

"Vijana wa Khatibu walikuja wamesimama hivi. Ningewaambia nini? Ngojeni niandike? Babao yuko ndani amelala na mimi naitafuta herufi ya M?"

Mimi bado mdomo wazi.

"Nani aliyekwambia uandike?" akasema Bi Mwanatabu. Alimwambia yeye, si mimi. "Miaka yote hii Meli yaenda matangani, umeniona nimekataa? Khatibu si alikuwa akinywa uji wangu? Ungeita tu. Ukuta ni ule ule. Ungeita 'Mama Tima, Khatibu amefariki,' ningeibeba Meli mimi mwenyewe kitwani."

"Sikuwa na ruhusa ya kuita."

"Nani alikunyima?"

"Wewe."

"Mimi nilikwambia tusiahidi mara mbili. Sikukwambia usiniite."

Musyoka mlangoni, barafu ya ukwaju mdomoni, akanong'ona, "Fundi, sasa kazi yako imeisha," na Johari akamfinya.

"Haya andika," akasema Bi Mwanatabu, sauti imeshuka. "Watu wana harusi."

Mwinyihaji alitazama kibodi. Akatazama mikono yake.

"Nimeisahau."

"Umesahau nini?"

"Nusu yangu. Tangu jana stima ilipopotea naitafuta, siioni. Nilijaribu kila kitu."

Nikageuka kutoka ukutani bila kuomba radhi. "Mzee! Umeisahau na tumeibeba mpaka huku? Watu wamesoma Fatiha njia nzima!"

"Naam."

"Sasa bila nusu yako tumekuja kufanya nini?" akauliza Bi Mwanatabu.

Mwinyihaji akautoa ule mfuko wa buluu juu ya kibodi, akaukunja mara nyingi mpaka ukawa mdogo.

"Sikuja kwa sababu ya mashine, Mama Tima."

Friji ya Johari ilikuwa ikidondosha maji sakafuni, tone, tone. Bi Mwanatabu aliutazama mkunjo ule wa nailoni kwa muda, kisha akaniambia, bila kuniangalia:

"Ngala mwanangu. Maji yamekutosha sasa?"

"Yamenitosha, bi mkubwa."

"Basi toa hiyo disketi mfukoni, yatutoboa macho sote."

Mwinyihaji akanitazama, akamtazama mkewe, akanitazama tena. "Disketi gani?"

"Ya dakika tano," akasema Bi Mwanatabu.

"Ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na wewe Ngala ulikuwa nayo Junda?"

Nikawa nimeshaitia disketi ndani ya mashine, nina kazi nyingi ghafla. Ikaingia bila kuuliza. Diski ikauliza kwa kila jeraha kama nataka litengenezwe, nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikiwa nimempa mzee mgongo. Nyuma yangu nilingoja anitukane. Nikasikia anacheka, kicheko cha puani, kile ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Meli ivuke feri.

Harusi zote zilikuwamo, na viti, na maturubai. Ikabaki kuweka neno jipya.

"Weka wewe," akasema Mwinyihaji.

"Weka wewe, Baba Tima."

"Tuliweke sote."

Nikaelekea ukuta kwa mazoea. Nikatoa mfuko wa manjano niliokuja nao, nikaunyoosha nyuma yangu bila kugeuka.

"Bi Mwanatabu, nailoni yako hii hapa."

"Nailoni ya nini?"

Nikasikia herufi. Kidole kimoja kizito, kidole kimoja chepesi, zamu kwa zamu, na kunong'onezana, na mara moja Johari akasema "Haya jamani, kuna watu humu." Leso haikupangusa kitu. Mashine ikataka warudie, wakarudia. Yakalingana.

Kurudi, Bi Mwanatabu alikaa mbele na kikapu chake, mimi na mzee nyuma na seva. Halwa ilibaki kwa Johari kufidia barafu. Musyoka akawasha gari.

"Twende Junda moja kwa moja, mama?"

"Pitia kwa marehemu Khatibu kwanza. Nikawape pole. Tena niitazame Meli yangu kama yapikiwa vizuri."

"Na harusi ya kesho?" akauliza Musyoka. " Meli iko matangani mpaka kesho jioni."

Bi Mwanatabu akageuka, akaita kupitia dirisha la nyuma, kwa sauti ya kufika barazani.

"Baba Tima! Matanga ya Khatibu yana nafasi ya arusi moja?"

"Khatibu angefurahi!" akajibu mzee kutoka nyuma, amekumbatia seva.

"Basi waambie watu wa harusi," akaniambia mimi, "waje na juzuu."